Kununua nyumba au kiwanja Arusha na Moshi: maswali tunayoulizwa kila wiki

Watu wengi huingia ofisini kwetu wakiwa wameshachelewa. Hela imetoka, dalali hapokei simu, na mkononi wana karatasi ya daftari la shule yenye muhuri wa mtaa na saini za mashahidi wanne. Maswali haya tumeyaandika kwa ajili ya yule ambaye hela yake bado iko benki. Tumeyaacha kama yanavyoulizwa, kwa maneno ya wanaouliza.

Wakili, nimeonyeshwa nyumba Njiro na nimeipenda. Dalali anasema kuna mteja mwingine anakuja kesho na fedha taslimu. Nianzie wapi?

Huyo mteja wa kesho tunamfahamu. Yuko kwenye kila nyumba inayouzwa kuanzia Usa River hadi Kisongo, na bado hatujawahi kumwona uso. Mwambie dalali akupe nakala ya hati. Hutaki picha ya ukurasa mmoja ya WhatsApp iliyokatwa pembeni, unataka nakala nzima pamoja na ramani iliyoambatanishwa nyuma. Anayeuza kihalali hana sababu ya kukunyima nakala. Ukiipata, hatua ya pili ni ofisi ya ardhi, na kishika uchumba, yaani malipo ya awali, kisubiri.

Upekuzi ni nini, na unanionyesha nini hasa?

Ni maombi rasmi kwa Msajili wa Hati akuambie daftari lake linasema nini kuhusu kiwanja hicho. Unataja namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, unapewa kontroli namba, unalipa ada, unasubiri majibu ya maandishi. Zamani msajili wa ukanda wote wa Kaskazini alikuwa hapa Moshi, na watu wa Arusha walipanda basi alfajiri. Tangu 2020 kila mkoa una ofisi yake ya ardhi, kwa hiyo kiwanja cha Arusha kinaulizwa Arusha. Hati za zamani bado zinahitaji subira kidogo, maana jalada la miaka ya sabini halisomeki kwa kubofya kitufe.

Majibu yatakuonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, muda wa miliki na lini ulianza, kama kuna rehani ya benki, kama mtu ameweka zuio, na kama kuna amri ya mahakama. Muda usiupuuze. Hati ya miaka 33 iliyotolewa 1998 unayouziwa leo kwa bei ya hati mpya imebakiza miaka ya kuhesabika kwa vidole.

Sasa nikuambie upekuzi usichoonyesha, kwa sababu hapa ndipo wanaojiona waangalifu hunaswa. Hauonyeshi nani analala ndani ya nyumba. Niliwahi kushughulikia nyumba hapa Moshi ambayo daftari lilikuwa safi kama maji ya mfongo, mfereji wetu wa Uchagani, asubuhi. Tulipokwenda kuiangalia tukamkuta bibi mzee kwenye chumba cha uani, anapukuchua mahindi, anasema nyumba ni ya marehemu mwanawe na aliyesajiliwa ni mtoto wa pili aliyekabidhiwa tu karatasi atunze. Hilo hakuna msajili angeweza kulijua. Kwa hiyo nenda mwenyewe, tena siku ya kazi na tena Jumapili. Ongea na jirani wa kulia, wa kushoto, na mwenye duka la pembeni. Mwenye duka anajua kuliko mjumbe.

Na upekuzi ufanywe mara mbili: kabla ya kusaini mkataba, kisha tena siku chache kabla ya kumaliza malipo. Kati ya siku hizo mbili mtu anaweza kukopea nyumba hiyo hiyo.

Muuzaji anasema hati imepotea. Mwingine anasema iko benki. Mwingine ana barua ya toleo tu.

Hizo ni hali tatu tofauti kabisa.

Iliyopotea kweli ina utaratibu: taarifa polisi, maombi kwa msajili, tangazo kwenye Gazeti la Serikali, kisha hati mpya. Kazi hiyo ni ya muuzaji, na aimalize kabla hujalipa. Mara nyingi hati “iliyopotea” iko kwa mkopeshaji wa mtaani ambaye hakusajili chochote.

Iliyo benki si tatizo, mradi benki iwe mezani. Pata barua ya benki inayosema deni lililobaki, kisha mkataba useme kiasi hicho unakilipa moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo. Benki ikishalipwa inafuta rehani na kuachia hati. Ukimpa muuzaji hela “akalipe benki” umempa mtihani ambao hata mtu mwema anaweza kuufeli.

Barua ya toleo, ile ya serikali ya kumpa mtu kiwanja, ni hatua ya kuelekea kwenye hati. Mshauri muuzaji akamilishe hati kwa jina lake, bei yako ipande kidogo kama ni lazima, kisha mhamishe kitu kilichopo daftarini.

Kiwanja hakijapimwa. Muriet, Olasiti, Mabogini, huko kote watu wananunua hivyo hivyo na wanajenga. Kuna ubaya gani?

Ni kweli wananunua na wanajenga, na wengi wanaishi kwa amani. Sitakuambia usinunue, maana kwa hali ya mifuko yetu nusu ya mji isingekuwepo. Nitakuambia unachonunua ni nini: unanunua maneno ya muuzaji, yaliyothibitishwa na majirani. Kwa hiyo ubora wa mali yako ni ubora wa ushahidi huo.

Anza na swali ambalo watu hawaliulizi: eneo hili liko halmashauri gani? Jiji la Arusha, Halmashauri ya Wilaya ya Arusha na Meru zinapakana, na dalali anaweza kukuambia “Arusha mjini” mkiwa mmesimama Meru. Moshi vivyo hivyo, kuna Manispaa na kuna Wilaya. Ukikosea halmashauri, utakagua ramani ya mji ambao kiwanja hakimo.

Ukishajua, mlipe mpimaji mwenye leseni aende na kifaa chake achukue majira ya nukta za pembe zote, kisha azilinganishe na mchoro wa mipango miji ulioko halmashauri. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya kiwanja. Mchoro ndio utakaokuambia kwamba hapo unapoambiwa “kona nzuri” pamepangwa kuwa shule, soko au barabara ya mita kumi na mbili. Mtu hubomolewa huku ana karatasi za mauziano kamili, na karatasi hizo hazimsaidii, kwa kuwa aliyemuuzia hakuwa na haki ya kugawa eneo la umma.

Kisha historia: muuzaji alipataje? Kama alinunua, nataka mkataba wake wa kununulia. Kama alirithi, nataka karatasi za mirathi. Kama alifyeka pori, nataka wazee waliomwona akifyeka. Majirani wote wanaopakana waje siku ya kupima mipaka, wasaini, na uwapige picha wakiwa wamesimama kwenye mpaka. Kama kuna zoezi la urasimishaji mtaani, yaani kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila mpango, uliza kama muuzaji ameshachangia na kwa jina la nani kiwanja kimeandikwa. Jina lililoandikwa siku ya urasimishaji ndilo litakalokuja kwenye hati.

Mwenyekiti wa mtaa anadai asilimia kumi ya bei ili agonge muhuri. Ni lazima?

Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, haimtaji mwenyekiti wa mtaa kama mtu wa kuidhinisha mauziano ya kiwanja chenye hati, wala haimpi fungu. Muhuri wake haugeuzi karatasi kuwa miliki. Ni shahidi mzuri wa kumtambua muuzaji, hasa kwenye ardhi isiyopimwa, na mheshimu kwa nafasi hiyo. Lakini asilimia kumi ya milioni arobaini ni milioni nne, hela ambayo ingetosha upekuzi, mpimaji, ushuru wa stempu na bado ukanunua mabati. Ukitozwa chochote, omba stakabadhi ya serikali yenye kontroli namba. Mara nyingi ombi hilo peke yake linashusha bei.

Kijijini mambo ni mengine. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sura ya 114, na mtu asiye mwanakijiji hawezi kuhamishiwa hatimiliki ya kimila bila kibali chake. Huko unahitaji kikao na muhtasari wenye orodha ya waliohudhuria. Saini ya mwenyekiti aliyekutwa kilabuni haihesabiki.

Nimepata kihamba Kibosho, bei nzuri ajabu. Ninunue?

Bei ya kihamba ikiwa nzuri ajabu, uliza ukoo.

Kwa msomaji wa mbali: kihamba ni shamba la familia kwenye miteremko ya Kilimanjaro, lenye migomba, kahawa, nyumba ya wazee, na aghalabu makaburi. Linapita kutoka baba kwenda kwa mwana. Mipaka yake haina bikoni, ina masale, ule mmea ambao Mchaga haung’oi hivi hivi. Anayekaa pale leo anakitunza, na nyuma yake kuna ndugu walioko Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi ambao wanajiona wenye haki sawa na yeye. Wanarudi Desemba. Ndiyo maana vihamba vingi vinauzwa kimyakimya Februari.

Sheria inaiheshimu miliki ya kimila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema ina hadhi sawa na miliki iliyotolewa na serikali. Maana yake ni kwamba huwezi kuja na karatasi ya mjini ukadhani imeshinda desturi ya pale. Ukitaka kununua kihamba, haya ndiyo tunayoyataka kabla ya kugusa kalamu: kikao cha ukoo kilichoandikwa, chenye majina na saini za kaka, dada na watoto wakubwa wa muuzaji; na hapo kwa dada nasisitiza, kwa sababu mara nyingi husahaulika na wao ndio huja kushtaki. Ridhaa ya mke. Kibali cha halmashauri ya kijiji. Maelezo ya makaburi: yanabaki, yanahamishwa, ndugu wataruhusiwa kuja kuyatembelea? Na njia ya maji, maana mfongo unaopita katikati ya shamba si wako peke yako. Wa chini yako wana zamu zao.

Mimi binafsi, na ni mtoto wa huko huko, namshauri mtu asiye na undugu na eneo atafute kiwanja kilichopimwa Rau au Msaranga. Kihamba unaweza kukipata kisheria na bado ukaishi humo kama mgeni asiyeaga.

Muuzaji ni mwanaume, jina lake peke yake liko kwenye hati. Kwa nini mnamng’ang’ania mke wake?

Kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi nayo inatambua jasho la mwanandoa ambaye jina lake halimo. Ukinunua bila ridhaa hiyo, umenunua kesi.

Ridhaa iwe ya maandishi, mbele ya wakili, na mwenye ridhaa aje yeye mwenyewe na kitambulisho cha NIDA na cheti cha ndoa. Tumewahi kuletewa “mke” ambaye hakujua majina ya watoto. Ndoa ya kimila na ya Kiislamu zinahesabika sawa, na kama wake ni wawili, tunataka kujua nyumba hii anaishi nani. Hata wasiofunga ndoa: waliokaa pamoja miaka miwili na kujulikana hivyo mtaani, sheria inaweza kuwachukulia kuwa wanandoa. Anayesema hana mke aape kwa maandishi. Halafu bado muulize mwenye duka.

Na kinyume chake ni hivyo hivyo. Mke akiuza, mume aje.

Nyumba ni ya marehemu baba yao. Watoto wote wamekubali kuuza. Inatosha?

Haitoshi. Anayeweza kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kama aliteuliwa na Mahakama ya Mwanzo atakuwa na Fomu Namba 4. Nenda mahakamani na namba ya shauri uithibitishe. Kisha jina lake lisajiliwe kwenye hati kama msimamizi, ndipo akuhamishie wewe. Ridhaa za warithi wote ziandikwe kando. Sheria inampa msimamizi mamlaka, lakini mrithi aliyefichwa hakosi nauli ya kuja mahakamani.

Mwenye nyumba yuko nje ya nchi, kaka yake ana hati ya uwakala.

Isome. Hati ya uwakala ya “kusimamia nyumba yangu” haimruhusu kuuza; lazima itaje wazi kuuza, na kiwanja kitajwe kwa namba. Iliyosainiwa ng’ambo ithibitishwe na ubalozi wetu au mthibitishaji wa huko, na isajiliwe hapa. Halafu piga simu ya video na mwenye nyumba mwenyewe, kwa namba uliyoipata kwa njia nyingine, siyo ile aliyokupa kaka. Uwakala hufa na aliyeutoa, kwa hiyo unahitaji kumwona akiwa hai.

Mkataba wa mauziano uwe na nini, na hela niitoe vipi?

Sheria inataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi. Zaidi ya majina, namba za NIDA na TIN, namba ya kiwanja na bei, mambo yanayookoa watu ni haya: nani analipa kodi ipi, kwa majina ya kodi, muuzaji anakabidhi hati halisi lini na kwa nani, nini kitatokea kibali cha uhamisho kikikataliwa, tarehe ya kuhama, na faini ya kila siku akichelewa, wapangaji waliomo na kodi waliyolipa mbele, madeni ya maji, AUWSA kwa Arusha na MUWSA kwa Moshi, na deni lililojificha kwenye mita ya umeme ya LUKU, ambako kodi ya majengo inakatwa tangu 2021. Pango la ardhi liwe limelipwa hadi mwaka huu na risiti ziambatane. Kama ni pagale, andika matofali, nondo na mabati yaliyopo kwenye eneo, la sivyo utarudi Jumatatu ukute kuta tu.

Hela ipite benki, kwenye akaunti yenye jina la aliye kwenye hati. Siyo ya dalali, wala ya shemeji “kwa sababu ya makato”. Kwa utaratibu wetu tunagawa mara tatu: sehemu wakati wa kusaini, sehemu kubwa nyaraka zote za uhamisho zikiwa zimesainiwa na hati halisi iko mikononi mwa wakili, na kiasi cha kumuuma muuzaji kinabaki hadi hati itoke kwa jina lako. Ukishalipa sehemu ya kwanza, weka zuio kwa msajili. Zuio linamzuia muuzaji kukopea au kuuza tena nyuma yako, na ni wachache mno wanaolitumia.

Kodi ni zipi, na hesabu inakuwaje?

Tuchukue nyumba inayouzwa shilingi milioni 80. Muuzaji ana risiti na mkataba kuonyesha kwamba kununua na kuboresha kulimgharimu milioni 62. Faida ni milioni 18, na kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida: shilingi 1,800,000. Asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Hapa ingekuwa 2,400,000. Yaani kutupa risiti za fundi kungemgharimu laki sita. Nyumba ya kuishi mwenyewe aliyoimiliki miaka mitatu au zaidi na kukaa humo angalau miaka mitatu husamehewa kama faida haizidi milioni 15.

Mzigo huo ni wa muuzaji, lakini usiseme “haunihusu”. Bila cheti cha TRA kwamba kodi hiyo imelipwa, msajili hasajili uhamisho, na anayekwama ni wewe. Upande wako kuna ushuru wa stempu, asilimia 1, yaani 800,000 kwa mfano wetu, ada za kibali na usajili, mthamini, na wakili. Thamani huwekwa na mthamini na kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Ikiwa kubwa kuliko bei yenu, kodi itafuata thamani hiyo.

Muuzaji anataka tuandike milioni 30 kwenye mkataba ili kodi ipungue.

Mkataba ukivunjika utarudishiwa milioni 30. Siku utakapouza wewe, gharama yako itasomeka 30 na faida yake utailipia kodi. Na mthamini wa serikali ana macho. Kataa.

Baada ya kusaini kunafuata nini, na inachukua muda gani?

Fomu tatu: namba 29 ya kutoa taarifa ya uhamisho, namba 30 ya kuomba kibali cha Kamishna wa Ardhi, na namba 35 ambayo ndiyo hati ya uhamisho yenyewe. Zinasainiwa na pande zote mbele ya wakili, zikiwa na picha. Zinaambatana na hati halisi, ridhaa ya mwanandoa, ripoti ya uthamini na risiti ya pango la ardhi. Kibali kikitoka, kodi zinalipwa, kisha kila kitu kinakwenda kwa msajili.

Muda? Faili safi ni suala la wiki kadhaa hadi miezi michache. Linalochelewesha zaidi huwa ni majina: hati inasema “Joseph E.”, NIDA inasema “Yosefu Elia”, TIN ina jina la tatu. Muuzaji asahihishe hayo kwa kiapo mapema. Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, haiutambui uhamisho wa ardhi iliyosajiliwa hadi usajiliwe. Watu wanaweka sherehe ya kuhamia huku daftari bado lina jina la mwingine, na miaka sita baadaye mwingine huyo anafariki.

Mume wangu ni Mjerumani. Tuandike majina yote mawili?

Hapana. Asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji, kwa utaratibu wake maalumu. Nyumba ya kuishi haimo. Itaandikwa jina lako wewe raia. Kuhusu Mkenya au Mganda, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki imeiacha ardhi chini ya sheria za kila nchi, kwa hiyo jibu ni hilo hilo. Kama mume anatoa hela, andikianeni makubaliano yenu ya ndoa kwa wakili, mapema na kwa upendo.

Kiwanja kiko karibu na mto, au barabarani kabisa. Si ndiyo pazuri?

Pazuri kwa kupiga picha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, na mito yetu, Themi na Naura kwa Arusha, Karanga na Rau kwa Moshi, inapita katikati ya makazi. Barabara kuu ina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Tembea na futi. Ukiona X nyekundu ukutani, alama ya kubomolewa, au dalili kwamba imepakwa chokaa juu yake, ondoka.

Na neno moja kuhusu Olmoti. Tangu uwanja wa mpira wa AFCON 2027 uanze kujengwa huko, kila kipande cha Arusha kimekuwa “karibu na uwanja”. Tazama ramani.

Nyumba ya mnada wa benki ni salama?

Inaweza kuwa. Mkopaji lazima awe alipewa notisi ya siku 60 ya kukiuka mkopo. Mnunuzi wa nia njema analindwa na sheria, lakini hailindi subira yako: mkopaji mara nyingi bado anaishi ndani na ameshafungua kesi. Uliza mahakamani na kwenye baraza la ardhi kabla ya kunyoosha mkono.

Je, wakili mmoja anaweza kutuhudumia wote wawili? Na nitajuaje kuwa ni wakili kweli?

Inafanyika sana, kuokoa hela. Mimi siipendi: mgogoro ukitokea hana upande, na mara nyingi dalali ndiye aliyemleta. Weka wako. Jina lake liangalie kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, kama yupo na kama leseni yake ya mwaka huu ni hai. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamkataza asiye wakili kuandaa hati za uhamisho kwa malipo, lakini mihuri ya kuchonga ipo tele. Kubalianeni ada kwa maandishi na udai risiti ya EFD.

Nimeshapigwa. Nifanye nini leo?

Leo hii, weka zuio kwa msajili kama ardhi ina hati, ili isiuzwe kwa wa tatu. Ripoti polisi, chukua namba ya jalada. Kusanya miamala ya benki, meseji za simu na picha. Usifute hata matusi mliyotukanana.

Kesi ya madai huanzia Baraza la Ardhi la Kata kwa usuluhishi. Tangu mabadiliko ya 2021 kazi yao ni kusuluhisha tu, hawatoi hukumu. Likishindwa ndani ya siku 30, unakwenda na cheti chao Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lililopo Arusha na Moshi, kwa mali isiyozidi milioni 300. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Kudai ardhi kuna ukomo wa miaka 12, lakini tapeli haishi mtaa mmoja miaka 12. Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda popote, rudi kwenye kiwanja na uangalie nani ameshaanza kumwaga mchanga.